Kutengeneza Bia ya Kwanza Nyumbani Jijini Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa kutoka kwa marafiki, majirani na jamaa waliotaka kujua jinsi punje za shayiri zinavyogeuka kuwa bia. Wengi wao walikuwa wameshika maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi zilizo karibu na usawa wa bahari, na vipimo vyake vya joto na muda havikulingana na mji ulioko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, kusini kidogo tu ya ikweta. Majibu yangu yanamhusu mtu anayepikia kwenye jiko la gesi la kawaida, katika nyumba ya kawaida ya Nairobi, bila mtambo wowote.

Kuna jambo moja ningependa msomaji alishike tangu mwanzo: anayetengeneza bia ni hamira, si mpishi. Mpishi huandaa chakula cha hamira, huisafishia nyumba, na huilinda isipate joto kali. Karibu kila bia iliyoharibika niliyowahi kuionja iliharibika kwa sababu mtu alisahau mojawapo ya kazi hizo tatu.

Je, sheria ya Kenya inaniruhusu kupika bia nyumbani?

Naanza na swali hili kwa makusudi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inakataza mtu kutengeneza, kuuza au kuingiza nchini kileo bila leseni, na Kaunti ya Jiji la Nairobi ina sheria yake ya mwaka 2014 inayosimamia utoaji wa leseni hizo. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata kilo moja ya kimea (punje zilizochipushwa na kukaushwa), nenda katika ofisi ya kaunti inayoshughulikia leseni za vileo, eleza unachokusudia kupika na kiasi chake, kisha ufuate utakaloambiwa. Usitegemee maneno ya rafiki anayesema kwamba kwa ndoo moja hakuna atakayekuuliza.

Kuuza, hata chupa moja kwa jirani, ni biashara inayohitaji leseni na kulipiwa ushuru. Kumpa kileo mtu aliye chini ya miaka 18 ni kosa. Kuichemsha pombe ili kuvuna mvuke wake, kama wafanyavyo wapishi wa chang'aa, si sehemu ya kazi hii, na sitalijibu swali lolote linalohusu jambo hilo.

Bia ya shayiri inatofautianaje na busaa?

Ni ndugu wa karibu kuliko watu wanavyodhani. Anayepika busaa huziloweka mbegu za wimbi, huziacha zichipue, huzianika na kuzisaga, kisha huchanganya kimea hicho na unga wa mahindi uliovundikwa kwa siku kadhaa na kukaangwa juu ya bati hadi uwe na rangi ya kahawia. Anayepika bia naye huanza na kimea, ila chake ni cha shayiri. Punje inapochipua hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga uwe sukari ili mche mchanga upate chakula. Mtengenezaji wa kimea huikausha punje kabla mche haujala akiba yake, na mpishi huviamsha vimeng'enya hivyo tena ndani ya maji ya moto, safari hii kwa faida ya hamira.

Tofauti inaanzia hapo. Maji matamu ya kimea, ambayo katika ukurasa huu nitayaita togwa kwa kuwa bado hayajawa pombe, hutenganishwa na makapi, huchemshwa kwa zaidi ya saa moja, na hutiwa maua makavu ya mmea uitwao hopsi. Hopsi huleta uchungu unaosawazisha utamu, na pia huzuia baadhi ya bakteria. Baada ya kupoa, togwa hutiwa hamira ya aina moja iliyochaguliwa, na hakuna kijidudu kingine kinachokaribishwa. Busaa huachwa ipate uchachu wa bakteria na hunywewa ndani ya siku chache. Bia hulindwa dhidi ya uchachu huo, na ndiyo maana inaweza kukaa kwa miezi.

Nianze na kiasi gani?

Lita 10. Wengi hutaka kuanza na lita 20 kwa sababu maelekezo mengi huandikwa hivyo, lakini jiko la nyumbani huhangaika kuchemsha sufuria ya lita 25, kuipoza ni kazi ya nusu siku, na kosa likitokea hasara inakuwa mara mbili. Lita 10 zinakupa chupa 19 au 20 za nusu lita.

Nahitaji vifaa gani, na nitavipata wapi?

Sufuria ya lita 20 yenye mfuniko. Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, utaipata ya alumini nzito kwa urahisi, na alumini haina ubaya wowote kwa kazi hii. Ndoo mbili mpya za plastiki ya kuhifadhia chakula, zenye mifuniko inayobana. Usichukue ndoo iliyowahi kubeba rangi au dawa, hata ikisuguliwa vipi. Na ile iliyobeba mafuta ya kupikia au achari hubaki na harufu inayoingia ndani ya bia. Mpira mwembamba wa kupitishia hewa kutoka kwenye mfuniko wa ndoo hadi kwenye chupa ya maji, na mwingine wa urefu wa mita moja na nusu wa kuhamishia bia. Kipimajoto cha jikoni. Mzani wa kupima gramu. Haidromita, ambayo nitaieleza mbele. Mwisho, mfuko mkubwa wa kitambaa cha pazia jepesi, ambao fundi wa nguo yeyote mtaani atakushonea kwa dakika chache ukimpelekea sufuria aipime.

Ukiwa na bajeti ndogo, punguza popote isipokuwa kwenye kipimajoto. Nyuzi tatu tu huamua kama bia itakuwa kavu au nzito mdomoni, na mkono wa binadamu hauwezi kuzitambua.

Viungo vya bia ya kwanza ni vipi?

Kwa lita 10 za bia ya rangi ya dhahabu, yenye kileo cha asilimia 4.7 hivi, unahitaji kilo 2.2 za kimea cheupe cha shayiri, gramu 30 za hopsi zenye asidi ya alfa, yaani kiambato cha uchungu, ya asilimia 6 hivi, nusu ya pakiti ya gramu 11 ya hamira kavu ya bia ya aina ya eli (bia inayochachushwa kwenye joto la chumba), na maji lita 15. Lita tano za ziada si kosa la hesabu: karibu mbili zitabaki ndani ya makapi, nyingine kama mbili na nusu zitapaa kwa mvuke, na kinachosalia kitaachwa na mashapo chini ya sufuria.

Shayiri inalimwa hapa kwetu, Mau Narok, Molo, Timau na Moiben, na sehemu kubwa huenda viwandani. Hopsi ni jambo jingine. Mmea huo hutaka siku ndefu za kiangazi cha nchi za mbali na ikweta ili urefuke vizuri kabla ya kutoa maua, na sisi mchana wetu ni wa saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo zinazotumika hapa kwa kawaida zimesafiri kutoka nje. Zinunue zikiwa kwenye pakiti iliyofyonzwa hewa, na uzihifadhi ndani ya friza. Hopsi nzuri zinanuka maua, limau au majani mabichi. Zikinuka jibini au soksi, zimezeeka.

Nina onyo moja kubwa. Usinunue shayiri ya mbegu kwenye duka la pembejeo ukakusudia kuichipusha mwenyewe. Mbegu za kupanda hupakwa dawa ya kuua kuvu na wadudu, mara nyingi ikiwa na rangi ya waridi, kijani au buluu, na dawa hiyo haikusudiwi kuingia mwilini mwa mtu.

Kimea nikipeleke kwenye kinu cha posho?

Unaweza, ukizungumza kwanza na mwenye kinu. Mashine ya posho imerekebishwa kutoa unga laini wa ugali, na kimea kikisagwa hivyo, ganda lake husagika pia na kuifanya bia ikwaruze ulimi kama chai iliyochemka mno. Mwombe ailegeze mashine hadi punje ipasuke vipande vitatu au vinne huku ganda likibaki karibu zima. Mpe kwanza konzi moja ya majaribio, itandaze kiganjani, uangalie. Hakikisha pia mashine imepanguswa vizuri, maana mabaki ya unga wa mahindi uliochacha hayana nafasi katika kazi hii.

Je, naweza kutumia hamira ya mandazi?

Itachacha, lakini haitulii vizuri chini ya ndoo na huacha ladha ya mkate mbichi. Pakiti ya hamira ya bia si mahali pa kubania pesa.

Maji ya bomba ya Nairobi yanafaa?

Yanafaa sana, na hili huwashangaza watu. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, chini ya misitu ya Aberdare, nayo ni maji laini yenye chumvi kidogo, hivyo yanaikubali bia nyeupe bila marekebisho. Kasoro yake ni klorini. Klorini ikikutana na viambato vya kimea hutoa harufu ya plasta ya kidonda, na hata kiasi kidogo sana hujitokeza kwenye glasi. Chota maji jioni ya siku iliyotangulia, yachemshe kwa dakika 15 bila mfuniko, kisha uyaache yapoe.

Maji ya kisima kirefu ni habari nyingine. Visima vingi vya Nairobi na viunga vyake vina floridi na magadi mengi, na kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floridi huzidi kukolea. Mahali ambapo nyumba hupata maji ya kisima au ya lori wakati wa mgao, ambapo hujui yametoka wapi, nunua maji ya kunywa ya mtungi kwa ajili ya bia hii ya kwanza.

Usafi unaosisitizwa kila mahali unamaanisha nini hasa?

Unamaanisha hatua mbili zisizochanganywa. Ya kwanza ni kuosha: kuondoa uchafu unaoonekana kwa maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato na kitambaa laini. Usitumie sufi ya chuma ndani ya ndoo, kwa sababu kila mkwaruzo ni shimo ambamo bakteria hujificha na dawa haiwafikii. Ya pili ni kuua vijidudu, nayo hufanyika dakika chache kabla ya kutumia chombo. Jik isiyo na manukato inatosha, kijiko kikubwa kimoja kwa lita nne za maji baridi, chombo kikizama humo kwa dakika 20, kisha kisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Usiichanganye kamwe na siki au dawa nyingine ya kusafishia, kwa sababu hutoa gesi yenye sumu, na usiiweke kwenye sufuria ya alumini, kwa sababu huila.

Kabla ya togwa kuchemka, usafi wa jiko la kawaida unatosha. Baada ya moto kuzimwa na togwa kupoa chini ya nyuzi 60, kila kitu kinachoigusa kiwe kimepita kwenye dawa: mwiko, mpira, kipimajoto, mfuniko, na hata mkasi wa kukatia pakiti ya hamira. Nimeona mtu aliyesafisha ndoo kwa nusu saa, kisha akaonja togwa iliyopoa kwa kijiko, akakirudisha kijiko kilekile kukoroga. Siku tano baadaye ndoo ilikuwa na utando mweupe kama ngozi ya maziwa.

Siku ya kupika inakwendaje, tangu asubuhi?

Tenga saa tano au sita zisizo na shughuli nyingine. Angalia kwanza mtungi wa gesi. Kazi nzima hula nusu kilo hivi ya gesi, na hakuna huzuni kama mtungi kuisha katikati ya kuchemsha.

Pasha lita 15 za maji hadi nyuzi 70. Tandaza mfuko ndani ya sufuria, zima moto, kisha umwage kimea taratibu huku mwenzako akikoroga kwa mwiko ili kusiwe na madonge makavu katikati, kama unavyokoroga ugali kabla haujashikana. Joto litashuka lenyewe hadi nyuzi 66 au 67, na hapo ndipo pa kukaa kwa saa moja. Likishuka chini ya 64, bia itakuwa nyepesi. Likipanda juu ya 69, itakuwa nzito na tamu. Likifika 75 na kuendelea, vimeng'enya hufa na wanga hubaki wanga. Funika sufuria, uizungushie blanketi au shuka nzito la Kimaasai, na usiifunue kila dakika kwa hamu ya kuona.

Baada ya saa hiyo, chota tone la togwa, liweke kwenye kisahani cheupe, ulidondoshee tone la tinki ya ayodini kutoka duka la dawa. Likigeuka buluu nyeusi, wanga bado upo, kwa hiyo subiri robo saa zaidi. Likibaki na rangi ya hudhurungi ya ayodini, vimeng'enya vimemaliza kazi. Mwaga tone hilo, usilirudishe. Mara ya kwanza nilipoliona tone likibaki bila kugeuka, nilimwita kila mtu nyumbani aje kulitazama, kwa sababu saa moja tu kabla ya hapo maji hayo yalikuwa uji mtupu.

Nyanyua mfuko, uuache uchuruzike juu ya sufuria, ukamue kidogo, kisha uwashe moto mkali. Togwa ikikaribia kuchemka hufura kama maziwa, na inaweza kuzima jiko kwa kufumba na kufumbua macho. Usimwachie mtu mwingine zamu hiyo. Povu la kwanza likishatulia, tia gramu 20 za hopsi na uanze kuhesabu dakika 75 za kuchemsha bila mfuniko. Zikibaki dakika 10, tia gramu 10 zilizosalia kwa ajili ya harufu. Nyumba nzima itanukia uji wa wimbi uliochanganywa na majani, na majirani watauliza.

Zima moto. Sasa fanya haraka. Weka sufuria iliyofunikwa ndani ya karai kubwa la maji baridi, ubadilishe maji hayo mara tatu au nne, na barafu ikipatikana iweke katika maji ya mwisho. Togwa ikifika nyuzi 20, imimine ndani ya ndoo kutoka juu ili ichanganyike na hewa, kwa sababu hamira huhitaji oksijeni mwanzoni ili iongezeke. Ndio wakati pekee ambapo hewa inakaribishwa. Acha mashapo mazito yabaki kwenye sufuria. Nyunyiza hamira juu, funika, tumbukiza ncha ya mpira wa hewa kwenye chupa ya maji, ukapumzike.

Kwa nini unasema dakika 75, wakati maelekezo mengi yanasema 60?

Kwa sababu ya mwinuko. Hapa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, na uchungu wa hopsi hutoka polepole zaidi joto linapopungua. Dakika 15 za ziada hufidia sehemu ya upungufu huo. Mtu wa Mombasa afuate dakika 60 zake.

Hali ya hewa ya Nairobi ina athari gani?

Hapa ndipo mji wetu unapotupendelea, na natamani wapishi wapya wangejua bahati waliyo nayo. Hamira ya eli hufanya kazi yake bora kati ya nyuzi 18 na 21. Kwa sehemu kubwa ya mwaka, chumba kisichopigwa na jua katika nyumba ya mawe hukaa karibu na hapo chenyewe, wakati wenzetu wa pwani au Kisumu hawawezi kufanya hivyo bila friji. Juni hadi Agosti ni msimu mzuri mno, ingawa usiku wa Julai unaweza kuipoza hamira hadi ikasinzia. Blanketi moja huiamsha.

Tatizo ni Januari hadi Machi. Kumbuka pia kwamba uchachushaji wenyewe hutoa joto, kiasi kwamba ndani ya ndoo kunaweza kuwa na nyuzi mbili hadi nne zaidi ya chumba katika siku tatu za kwanza, na hizo ndizo siku ambazo ladha hujengwa. Hamira iliyopata joto kali hutoa harufu ya ndizi mbivu na vileo vizito vinavyouma kichwa. Njia ya kuizuia ni ileile ya mtungi wa udongo unaopoza maji ya kunywa: simamisha ndoo ndani ya beseni la maji, uivishe fulana ya pamba ambayo pindo lake limezama katika maji hayo, na ufungue dirisha upepo upite. Maji yanapopaa kutoka kwenye fulana hubeba joto, na ndoo hushuka nyuzi tatu au nne.

Ndoo imekaa siku nzima bila kutoa mapovu. Je, hamira imekufa?

Huenda mfuniko haubani na gesi inapitia pembeni. Fungua kidogo baada ya saa 48: ukiona povu juu ya togwa au pete ya uchafu wa kahawia ukutani mwa ndoo, kazi inaendelea. Ikiwa hakuna dalili yoyote, tia nusu ya pakiti iliyobaki.

Nitajuaje kwamba uchachushaji umekwisha?

Kwa haidromita, na si kwa kitu kingine chochote. Ni kijiti cha kioo kinachoelea. Sukari ikiwa nyingi huelea juu, sukari ikiliwa huzama. Togwa yetu itasoma karibu 1.046 kabla ya hamira, na bia iliyokomaa itasoma karibu 1.010. Toa ya pili katika ya kwanza, uzidishe kwa 131, na utapata asilimia ya kileo: 0.036 mara 131 ni 4.7. Pima siku ya 10, kisha siku ya 13. Usomaji ukiwa uleule, na bia ikiwa imeanza kung'aa, imekwisha. Ukiwa umeshuka hata kidogo, ngoja.

Kwa nini unasisitiza jambo hilo kiasi hicho?

Kwa sababu nililipia kutojua kwangu. Bia yangu ya kwanza niliipika mwezi wa Februari, na siku ya sita mpira wa hewa ulinyamaza, nami nikaona nimesubiri vya kutosha. Niliijaza kwenye chupa, nikatia sukari, nikazipanga kwenye kabati la jikoni chini ya rafu ya unga. Usiku wa siku ya tisa, kama saa nane, tulisikia mlio kama wa mlango uliopigwa teke, kisha mwingine, kisha mitatu kwa mfululizo. Tulikuta mlango wa kabati umefunguka, sakafu imejaa bia na vioo, na kipande kimoja chenye urefu wa kidole kimechoma pakiti ya unga kwenye rafu ya juu na kubaki humo. Mtoto wetu alikuwa na mazoea ya kukaa mbele ya kabati hilo akicheza na mifuniko ya sufuria. Sijawahi tena kufunga chupa bila kupima mara mbili.

Chupa hupasuka kwa sababu hamira iliyofungiwa pamoja na sukari iliyosalia huendelea kutoa gesi ya kaboni isiyo na pa kutokea. Sukari ya kutia gesi ni gramu 6 hadi 7 kwa lita, yaani gramu 65 kwa lita zetu 10, ikiyeyushwa katika kikombe cha maji yanayochemka na kuchanganywa taratibu na bia yote katika ndoo ya pili. Usitie kwa kijiko katika kila chupa. Tumia chupa nene za bia za kurudishwa, za rangi ya kahawia, zisizo na ufa mdomoni, na vifuniko vipya vinavyobanwa kwa mashine ya mkono. Asiye na mashine atumie chupa za plastiki za soda: hazipasuki kwa urahisi, na ukizibinya kwa kidole gumba unajua zimejaa gesi kiasi gani. Ziweke gizani tu, maana mwanga huigeuza hopsi ikanuka vibaya. Vyovyote iwavyo, ziweke ndani ya sanduku lenye mfuniko, mbali na watoto.

Bia yangu ina ladha isiyo ya kawaida. Nifanye nini?

Ikiwa ina harufu ya tufaha bichi, ni changa. Ipe wiki mbili. Siagi iliyoyeyuka pia mara nyingi ni haraka ya mpishi. Harufu ya yai ndani ya ndoo katika siku za mwanzo hupotea yenyewe. Plasta ya kidonda ni klorini, na haiponi. Uchachu wa siki au maziwa lala ni bakteria; mwaga yote, kisha utupe mpira wa zamani, kwa sababu ndio ulioficha adui. Utando, nywele za kuvu au rangi ya ajabu juu ya bia vinakutaka umwage bila kuonja.

Naogopa sumu inayoua watu au kuwapofusha. Je, inaweza kutokea ndani ya ndoo yangu?

Hofu hii ni ya haki katika mji huu. Mwezi Novemba mwaka 2000 pombe iliyoitwa kumi kumi iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa duni ya Nairobi, na wengine wakapoteza macho. Muuaji katika misiba ya namna hiyo ni methanoli, pombe ya viwandani ambayo watu wasio na huruma huichanganya katika vinywaji ili viwe vikali kwa gharama ndogo. Kimea cha shayiri kikichachushwa kwa hamira hutoa methanoli kidogo mno isiyoweza kudhuru, kwa kuwa sehemu kubwa ya methanoli ya asili hutokana na pektini ya matunda, na nafaka ina pektini haba. Usiongeze chochote ndani ya ndoo kwa nia ya kuipa nguvu, wala usikubali "spiriti" ya mtu. Dalili kama macho kuona ukungu, kutapika na maumivu makali ya tumbo baada ya kunywa kileo chochote ni za kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Nataka bia kama Tusker. Kwa nini hunielekezi huko?

Kwa sababu Tusker, ambayo jina lake ni kumbukumbu ya George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda kinachoitengeneza, aliyeuawa na ndovu mwaka 1923, ni bia ya aina ya laga. Hamira ya laga huchachusha kwenye nyuzi 9 hadi 13, kisha bia hulazwa kwa wiki kadhaa karibu na nyuzi sifuri, na hilo linahitaji friji nzima isiyokuwa na kazi nyingine. Isitoshe, bia nyepesi haina mahali pa kuficha kosa.

Mtama na wimbi je?

Ningefurahi kuona wengi wakivijaribu, ila si katika bia ya kwanza. Wanga wa mtama huhitaji joto kubwa kuliko wa shayiri ili ulainike, hivyo lazima upikwe kwanza kama uji, upoe hadi nyuzi 66, ndipo uchanganywe na kimea cha shayiri chenye vimeng'enya vya kutosha. Anza na robo ya mtama kwa robo tatu za kimea.

Machicha yaliyobaki niyafanyeje?

Yatoe siku hiyohiyo, kwa maana kesho yatakuwa yamechacha. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa au kuku atayapokea kwa mikono miwili, na konzi moja ndani ya unga wa chapati inapendeza. Hopsi zilizotumika zizike au uzitie kwenye mboji. Mbwa akizila anaweza kufa.

Chupa ya kwanza niifungue lini?

Baada ya wiki mbili katika joto la chumba, na siku mbili ndani ya friji ili gesi itulie ndani ya bia. Inua chupa kwenye mwanga bila kuitikisa: utaona mstari mwembamba wa hamira umelala chini. Iinamishe glasi, umimine kwa mwendo mmoja usiokatika, na ukiona mstari huo unaanza kusogea kuelekea shingoni, simama, hata kama kimebaki kidole kimoja cha bia.